Hasira ya Kuazima: Somo la Simeoni na Lawi kwa Mkristo wa Nakuru

Alhamisi, Januari 24, 2008, Wakenya walimwona Kofi Annan akiwasimamisha pamoja Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga nje ya Jumba la Harambee, Nairobi. Wawili hao wakapeana mikono mbele ya kamera. Karibu mwezi mzima ulikuwa umepita tangu uchaguzi wa Desemba 27, na wengi walidhani mabaya yamekwisha. Kufikia kesho yake Nakuru ilikuwa inawaka. Kaptembwa, Mwariki na Free Area, mitaa ambayo watu wa makabila mengi walipanga vyumba ukuta kwa ukuta, iligawanywa kwa mapanga, mishale na petroli. Jumamosi, padri wa Jimbo Katoliki la Nakuru aliyekuwa mlezi katika seminari kuu ya Tindinyo alisimamishwa na vijana kwenye kizuizi cha barabarani upande wa Eldama Ravine, akauawa. Jumapili, siku ya Bwana, moto ukahamia Naivasha. Katika nyumba moja mtaani Kabati watu 19, watoto wakiwemo, waliteketea.

Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima katika ghasia zile. Kati ya hivyo, 744 vilitokea Bonde la Ufa.

Nazitaja hesabu hizi katika makala ya dini kwa sababu moja. Zaidi ya Wakenya wanane kwa kila kumi hujitambulisha kuwa Wakristo, na Nakuru ni mji wa makanisa. Kuna Kanisa Kuu la Kristo Mfalme la Wakatoliki, kuna Mchungaji Mwema la Waanglikana, kuna PCEA, AIC, Waadventista, na makanisa ya kiroho yasiyo na idadi, mengine ya mabati, mengine ndani ya mahema. Wengi wa waliosimama vizuizini na waliojificha chini ya vitanda walikuwa wamejifunza katekisimu moja. Walijua amri ya Usiue. Walijua kwamba Yesu, mlimani, aliipeleka amri ile mbali zaidi, akaiweka hasira juu ya ndugu mbele ya hukumu pamoja na uuaji wenyewe.

Basi mafundisho yetu kuhusu hasira yalikuwa wapi wiki ile?

Jibu langu ni kwamba yalikuwa jikoni. Sikiliza mahubiri mengi juu ya hasira na kiasi, utasikia habari za mume anayerusha sahani, mama anayewachapa watoto kwa uchovu wa siku, dereva wa matatu na kondakta wake, majirani wanaogombania mpaka wa shamba. Mafundisho hayo ni ya lazima, na mahali yanapopokelewa nyumba hupona. Paulo aliwataka Waefeso wasilale na uchungu wao hadi jua litue. Yakobo aliwahimiza ndugu wawe wepesi wa kusikia, wazito wa kusema na wazito wa kukasirika. Mithali humweka anayeitawala roho yake juu ya shujaa aliyeteka mji. Yote haya humfaa mtu aliyekosewa na mtu anayemjua. Lakini kijana aliyeshika panga Januari 2008 mara nyingi hakuwa amekosewa na yule aliyekuwa mbele yake. Hakumjua hata jina. Hasira aliyokuwa nayo alikuwa amepewa.

Hiyo ndiyo ninayoiita hasira ya kuazima, na Biblia ina kisa chake, ingawa hakihubiriwi sana. Kimo katika Mwanzo, sura ya 34. Shekemu, mwana wa mkuu wa mji unaoitwa kwa jina hilohilo, alimnajisi Dina binti Yakobo. Kosa lilikuwa la kweli, na ndugu zake wana kila sababu ya kuumia. Wanachofanya ni kuutega mji mzima. Wanawaambia wanaume wa Shekemu watahiriwe ili watu hao wawili wawe mmoja, na siku ya tatu, wanaume wakiwa bado na maumivu, Simeoni na Lawi wanaingia na panga na kuwaua wote. Agano la Mungu na Ibrahimu limegeuzwa silaha. Anayekumbuka yaliyoandikwa na Tume ya Waki kuhusu wanaume waliotahiriwa kwa nguvu mitaani Naivasha na Nakuru hawezi kuisoma sura hiyo akadhani inahusu watu wa kale tu.

Yakobo anawalaumu wanawe, wao wanamjibu kwa swali la uchungu kuhusu heshima ya dada yao, na sura inaishia hapo. Mzee hana jibu. Ni swali ambalo kila jamii ya Bonde la Ufa imewahi kuuliza kwa namna yake: je, tukae kimya wanapotufanyia hivi? Jibu la Yakobo linakuja miaka mingi baadaye, akiwa karibu kufa huko Misri, watoto wote wamemzunguka wakingoja baraka. Akifika kwa Simeoni na Lawi, hawalaani wao. Anailaani hasira yao, kisha anatamka kwamba watatawanywa katika Israeli. Na ndivyo ilivyokuwa. Nchi ilipogawanywa wakati wa Yoshua, Simeoni alipata sehemu ndani ya mipaka ya Yuda, na Lawi hakupata jimbo lake, alipewa miji 48 iliyotapakaa katika makabila mengine.

Waliopigana kama kabila ndio waliokosa ardhi ya kabila. Kwa msomaji wa Njoro, Molo au Kuresoi, hilo si jambo la kupitwa haraka.

Maana mizizi ya uchungu wa huku ni ardhi, na uchungu huo si wa kubuni. Walowezi walipochukua nyanda hizi mwanzoni mwa karne iliyopita, Wamaasai walihamishwa, jamii za Kikalenjin zikabanwa kandokando, Waogiek wakasukumwa ndani zaidi ya Mau. Wakikuyu waliletwa au walikuja kuwa maskwota katika mashamba ya wazungu, wakalima ardhi ambayo haingekuwa yao. Waliopewa makao Olenguruone walifukuzwa tena mwishoni mwa miaka ya 1940, wengine wakapelekwa hadi Yatta. Baada ya Uhuru mashamba yakanunuliwa kupitia skimu za serikali na kampuni za kununua ardhi. Aliyeuza alikuwa mzungu, aliyenunua alikuwa na stakabadhi, na aliyekuwa hapo kabla ya mzungu hakuulizwa. Kila upande una babu aliyeonewa. Kumwambia mtu wa namna hiyo asikasirike, basi, ni kumdharau.

Lakini angalia tarehe. Mapigano ya Molo na maeneo jirani yalipamba moto 1992, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ikahesabu waliouawa nchini kuwa 779. Njoro, katika Lare na Mauche, damu ilimwagika Januari 1998, wiki chache baada ya uchaguzi wa Desemba 1997. Kisha 2008. Kamati ya Kiliku, Tume ya Jaji Akiwumi na ile ya Waki zingeweza kutofautiana kwa mengi, lakini mkono wa wanasiasa ulionekana katika kila uchunguzi uliofanywa kwa dhati. Mgogoro wa ardhi haujui kalenda ya tume ya uchaguzi. Mpaka wa shamba unaogombaniwa mwezi wa Machi unagombaniwa pia mwezi wa Agosti, mwaka wa kura na mwaka usio wa kura. Uchungu unapolala miaka minne na kuamka wa tano, mtu mwenye akili aulize ni nani aliyeuamsha, na atalala wapi yeye usiku ambao wengine watakuwa wakikimbia.

Hapo ndipo kiasi, lile tunda la Roho ambalo Paulo analitaja mwisho katika barua kwa Wagalatia, linapoanza kazi. Tumezoea kuliweka kifuani: uvute pumzi, uhesabu hadi kumi, unyamaze. Nadhani kwa Mkristo wa Nakuru linaanza mapema kuliko hapo. Linaanza mlangoni, hasira inapobisha hodi ikiwa imevaa sura ya habari. Mwaka 2007 ilikuja kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa vipeperushi vilivyotupwa usiku, kwa wito wa redio za lugha za mama. Leo inakuja kwa WhatsApp, katika kundi la ukoo au la wanakwaya, ikiwa na video isiyo na tarehe. Swali la kwanza la mtu mwenye kiasi ni hili: hasira hii ni yangu? Nimeona kwa macho? Namjua aliyekosa kwa jina, au nimepewa kabila lake tu? Simeoni na Lawi walimjua aliyekosa kwa jina, Shekemu bin Hamori, na bado waliua mji. Sisi mara nyingi hata jina hatuna.

Wapo watakaosema mafundisho ya namna hii huwafanya wanyonge wazidi kunyamaza. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu lazima tumtazame Yesu mwenyewe. Katika Injili ya Marko, sura ya tatu, yuko sinagogi siku ya sabato na mtu mwenye mkono uliopooza. Waliomzunguka wanamvizia wapate la kumshtaki. Marko anaandika wazi kwamba aliwatazama kwa hasira, na katika sentensi ileile anasema alihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Kisha anamponya yule mtu. Hasira yake ina huzuni ndani yake kwa ajili ya wale wanaoisababisha, na mwisho wake ni mkono uliopona. Waliotoka pale kwenda kupanga mauaji ni wale wengine.

Bonde la Ufa limeona watu wenye hasira ya aina hiyo. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa Askofu wa Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, robo karne nzima. Alipinga upigaji kura wa mlolongo wakati ambao kuupinga kulikuwa hatari, na mapigano ya kikabila yalipozuka katika jimbo lake alisema hadharani kwamba serikali haiwezi kunawa mikono. Hakuwahi kulichochea kundi lolote dhidi ya jingine. Alikuwa Mkamba aliyeongoza jimbo la Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Waturkana na wengineo, na hasira yake ilielekezwa juu, kwa wenye mamlaka, si pembeni kwa jirani.

Padri John Kaiser alikuwa Mmarekani wa Shirika la Mill Hill, aliyewahi kuwa askari wa miavuli kabla ya upadri. Katika kambi ya Maela karibu na Naivasha alikaa na watu waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993, na serikali ilipoivunja kambi ile wakati wa Krismasi ya 1994 aliondolewa kwa nguvu. Mtu aliyefunzwa vita, aliyeona akina mama wakipakiwa kwenye malori usiku, angeweza kutafuta bunduki. Yeye aliandika. Akaweka kumbukumbu za majina na tarehe, akangoja, na mwaka 1999 akasimama mbele ya Tume ya Akiwumi na kuwataja wakubwa kwa majina yao. Agosti 24, 2000 mwili wake ulipatikana kando ya barabara ya Nakuru kuelekea Naivasha, pale Morendat. Miaka saba baadaye hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo hicho aliamua kuwa aliuawa. Miaka kati ya Maela na ushahidi wake mbele ya tume ndiyo mfano bora wa kiasi ninaoujua katika eneo hili. Hasira haikuzimwa, wala haikumtawala.

Kwa bahati mbaya, kanisa zima halikuwa Ndingi wala Kaiser. Februari 2008, viongozi wa Baraza la Makanisa la Kitaifa, NCCK, walikutana na kukiri hadharani kwamba walishindwa kusimama imara kwa kuwa walikuwa wameegemea pande. Ni kukiri kuchungu na kwa heshima. Kunaeleza kwa nini, katika baadhi ya makanisa, aliyeingia Jumapili akiwa na moyo mzito alitoka akiwa na moyo mzito na aya ya Maandiko ya kuutetea. Mimbari inapomkodishia mwanasiasa kipaza sauti kwa ajili ya paa jipya, huwa imekubali kugawa bidhaa yake pia. Ndiyo maana niliiona hatua ya Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza mchango wa Rais urudishwe, kuwa jambo kubwa kuliko habari ya fedha.

Njia za kuitawala hasira ya jamii zimo ndani ya ukristo wetu wenyewe. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, walikuwa na desturi ya kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya wenzake na kutubu chuki yake kwa kumtaja aliyemchukia, mara nyingi yule naye akiwa ameketi hapohapo. Wakati wa Mau Mau, wapo ndugu Wakikuyu waliokataa kiapo na wakakataa pia bunduki ya serikali. Walionekana wasaliti na pande zote mbili, na baadhi yao walilipa kwa maisha. Haikuwa rahisi, na wala sidhani kila mtu anaweza. Ila walikuwa wamezoea kuikagua mioyo yao kila wiki kabla ya siku ya hatari kufika.

Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo na kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Haki na Amani. Mwendo wake ni kuona, kuamua, kutenda. Watu wanakutana katika nyumba ya mmoja wao, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, kijitabu kinapitishwa mkono kwa mkono. Kuna picha, na mwezeshaji anauliza swali linaloonekana dogo mno: mnaona nini? Mtu anaanza mara moja kueleza nani mbaya. Anarudishwa kwa upole: hilo ni la baadaye, kwanza tuambie unachokiona. Kuna mtoto. Kuna mlango uliovunjika. Kuna mzee amesimama pembeni. Ndipo Maandiko yasomwe, na ndipo waulizane la kufanya. Dakika zile kumi za kuona kabla ya kuhukumu zina kazi kubwa kuliko zinavyodhaniwa, kwa sababu hasira ya kuazima haiwezi kustahimili kutazamwa kwa makini. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba katika mitaa na vijiji vingi jumuiya ni ya kabila moja, kwa kuwa majirani ni wa kabila moja. Tangu 2008 watu wengi walihamia walikojiona salama, na jumuiya zikahama nao.

Narudi Shekemu, kwa maana kisa hakikuishia kwenye mauaji. Yoshua alipotenga miji sita ya makimbilio, ambako mtu aliyeua bila kukusudia angeponea mlipiza kisasi, mmoja wao ulikuwa Shekemu. Na Shekemu ulipewa Walawi. Wajukuu wa muuaji waliwekwa kulinda mlango wa mji uleule ambao babu yao aliuchinja. Sheria iliagiza mkimbizi asimame langoni, awaeleze wazee wa mji habari yake, nao wampokee na wasimtoe kwa anayemfuata. Yaani kati ya hasira na damu paliwekwa lango, wazee, na muda wa kusikiliza.

Nakuru imewahi kujaribu kitu kama hicho. Baada ya 2008 wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin, pamoja na wa jamii nyingine, walikaa kwa mazungumzo ya zaidi ya mwaka mmoja, Tume ya Uwiano na Utangamano ikiwa miongoni mwa wasimamizi, na Agosti 2012 wakatia sahihi mkataba wa amani wa Kaunti ya Nakuru. Uchaguzi wa 2013 ulipita salama. Ni kweli Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wameungana, na anayesema utulivu ule ulikuwa wa muungano huo hakosei sana. Lakini 2022 wawili hao walikuwa wametengana, kura zikapigwa, na Nakuru, iliyokwisha kutangazwa jiji Desemba 2021, haikuwaka. Kuna waliofanya kazi ya langoni kimyakimya, wazee, akina mama, mapadri na wachungaji, na wanastahili shukrani yetu.

Agosti 2027 tutapiga kura tena. Kijana atakayetimiza miaka 18 mwaka huo alizaliwa 2009. Hakusikia milio ya Free Area, hakulala Uwanja wa Maonyesho pamoja na maelfu ya waliokimbia, na hana sababu yoyote yake mwenyewe ya kumchukia jirani. Atakayoipata ataipata kwetu, au kwa atakayetutangulia kumsimulia. Mchungaji, mkatekista, mzazi: msimulieni nyinyi kwanza, na msimulieni yote, pamoja na sehemu ambayo watu wetu walishika panga. Na jumuiya iliyo na watu wa kabila moja ialike ile ya ng'ambo ya barabara kabla ya kampeni kuanza. Kampeni zikishaanza tutakuwa tumechelewa.